Mkono Usiofika Sikioni

Nilizaliwa mtoto mkubwa, na bega langu la kulia likakwama. Mkunga, jirani yetu hapo Ushirombo, alinivuta nikatoka hai, ila mishipa ya fahamu ya bega ikaumia. Mkono ukabaki mfupi, kiwiko kimekunjika, kiganja kimegeukia nyuma. Nikitaka kuuinua, kiwiliwili chote hulalia kushoto na nyonga hutokeza. Mpaka leo fundi cherehani hunikatia mikono ya gauni miwili tofauti, na nguo hunikaa vizuri kuliko zinavyowakaa wenye mikono sawa. Najisifu, ndiyo.

Nyumbani hakuna aliyenionea huruma, na nashukuru. Nilitwanga kwa kushoto, nikachota maji, nikachuma pamba na kuwaacha wenzangu nyuma. Shida ilikuwa shule.

Miaka ile ya sitini wengi wetu hatukuwa na cheti cha kuzaliwa. Mwalimu alipima umri kwa mkono: unapitisha wa kulia juu ya kichwa, ukigusa sikio la kushoto umefikia darasa la kwanza. Wangu uliishia kwenye paji la uso. Akanirudisha nyumbani nikue kwanza. Mwaka uliofuata nilikwenda na mdogo wangu, aliyekuwa ananifika begani. Yeye akagusa, akaingia. Mimi nikarudishwa tena. Nililia njia nzima, tena kwa hasira.

Mwaka wa tatu mama aliacha palizi akanipeleka mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, maana nyumbani tuliongea Kisumbwa. Alimsalimia mwalimu kwa heshima zote, akasimama pembeni mpaka niliposhindwa mbele ya macho yake. Ndipo akaja, akaushika mkono wangu.

"Mwalimu, ukiungoja huu, utazeeka naye yuko nyumbani," alisema. "Mkono haukui. Mtoto amekua."

Mwalimu akanitazama toka juu mpaka chini kana kwamba ndiyo kwanza ananiona. Akaniambia nijaribu kwa kushoto. Nikaupitisha juu ya kichwa, ukalipita sikio la kulia, ukafika shingoni. Watoto kwenye mstari wakacheka, naye akacheka, akashika kalamu.

Akamwuliza mama jina langu. Kabla mama hajafungua kinywa nikamtangulia. Nikalitaja langu, la baba na la babu, kwa sauti iliyowafanya hata waliokuwa darasani wachungulie dirishani.