Niliuza Hisa za Bibi Kama Korosho Zilizonyeshewa

Nianze na hili ili msijisumbue kunihurumia: aliyefanya hisa za bibi yangu ziuzwe ni mimi. Si mjomba, si dola, si benki. Ni mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye darasani akiitwa jina anaitika kwa sauti ya panya!

Jina langu silitaji. Kijiji pia sikitaji, jueni tu ni upande wa mto Ruvuma, kivuko cha Kilambo siyo mbali. Mambo yangu huwa naandika kwenye daftari ninalolificha chini ya godoro. Leo nawaambia nyinyi kwa sababu hamuwezi kuniangalia usoni.

Babu alikuwa kuli bandarini Mtwara. Benki moja kubwa ilipouza hisa kwa wananchi, alichukua hela yote ya korosho za msimu ule akanunua, akaandikisha jina la bibi. Watu walimcheka mpaka basi. Wenzake wanaezeka bati, yeye ananunua karatasi! Babu akafa, nyumba ikabaki ya makuti, karatasi zikabaki sandukuni zimefungwa ndani ya khanga.

Lakini kila mwaka benki ikishapiga hesabu zake, gawio, fungu la faida la wenye hisa, linaingia kwenye simu ya bibi. Yeye hajui kusoma, kwa hiyo msomaji ni mimi.

"Soma tena, mke mwenza," ananiambia. Huku bibi na mjukuu tunataniana hivyo, sote wawili mume wetu ni babu.

Nasoma tena.

"Alhamdulillahi! Mume wetu katuma."

Siku hiyo mchele unanunuliwa, jogoo anachinjwa, watoto wa madrasa wanaitwa wanamsomea babu dua, wanakula mpaka wanalegea. Kinachobaki ni viatu vyangu vya shule na madaftari. Likiwemo hilo hilo ninalolificha!

Na mimi nilikuwa namdharau bibi. Ndiyo, namdharau, neno ndilo hilo. Kwenye daftari niliandika: "Bibi anafikiri marehemu anatuma hela. Ujinga huu utaisha lini?" Nimeusoma ukurasa huo juzi nikatamani kuutemea mate. Halafu nikakumbuka ni babu aliyeununua.

Ubingwa wangu wa hisa ulitoka wapi? Mada mbili za somo la biashara. Mbili! Na simu ya mjomba, ambayo imejaa vijana waliovaa miwani ya jua wanaoeleza namna ya kutajirika huku wamekaa kwenye gari ambalo haliondoki. Nikawaamini wale. Bibi aliyenilea sikumwamini.

Mwaka ule kila kitu kilikuwa kinayumba. Dola haipatikani, wenye maduka mjini wanabadilisha bei asubuhi na jioni, biashara ya kuvuka mto imelala. Hisa za benki nazo zikaanza kushuka. Kila jioni naazima simu ya mjomba naangalia bei, naona imeteremka tena. Ningekuwa na akili ningejiuliza benki yenyewe imepungukiwa na nini. Matawi yalikuwa wazi, faida inatangazwa redioni. Wenye shida ndio walikuwa wanauza wapate hela mkononi, basi.

Lakini mimi ni mtoto wa korosho. Kichwani mwangu kitu kinachoshuka bei ni korosho iliyoko ghalani mvua zimeanza. Msimu uliotangulia, chama chetu cha msingi cha ushirika kiliwaita wakulima kwenye mnada, bei ikasomwa, watu wakanyoosha mikono wakaikataa. Bibi alikuwa mbele kabisa, anapiga kelele, "Hatuuzi! Hatuuzi!" Mvua ikanyesha, korosho zikaota ukungu, daraja likashuka, mnada uliofuata wakauza kwa bei ya aibu. Bibi aliumia sana kwa jambo lile. Na mimi nilijua pa kumgusa.

"Bibi, zile karatasi tuziuze. Bei inaanguka."

"Karatasi za mume wetu? Mke mwenza, umeanza kuniibia mali mchana?"

"Zinashuka kila siku. Tuuze sasa, zikifika chini kabisa tunanunua tena, tena nyingi zaidi, kabla ya gawio."

Akaendelea kumenya muhogo. Kisha akauliza: "Korosho inaoza. Karatasi nayo inaoza?"

Jamani! Hilo ndilo swali lenyewe! Mtu asiyejua hata herufi a aliuliza jambo ambalo mada zangu mbili hazikunifundisha kuuliza. Hisa haioti ukungu. Haishushwi daraja na mvua. Ukiwa huna shida ya hela unaiacha sandukuni inakuletea gawio lake, bei ikipanda sawa, ikishuka sawa.

Mimi nilicheka. Nilimcheka bibi yangu usoni, nikamwambia, "Usiongelee usiyoyajua. Bei ni bei. Mlinyoosha mikono mkakataa bei ya mnada, mkapata nini?"

Kisu kikasimama kwenye muhogo.

"Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Mjomba alikuwa amekaa barazani akapiga makofi. "Huyu mtoto ana kichwa cha soko!" Mjomba huyo huyo aliyeuza kiwanja akanunua spika! Na sifa ya mtu wa namna hiyo ilinivimbisha kichwa siku tatu.

Tukaenda Mtwara mjini, kwenye ofisi ya wakala wa dalali wa hisa. Bibi alivaa baibui lake la sikukuu. Kijana wa mezani, mwenye tai na sauti ya taratibu, aliangalia karatasi, akamwangalia bibi.

"Bibi yangu, una haraka na hela? Mgonjwa, au msiba?"

"Hapana, baba."

"Basi mngesubiri kidogo. Daftari la wanahisa halijafungwa. Ukiuza leo, gawio la mwaka huu atachukua atakayenunua."

Bibi akanigeukia. Sasa sikilizeni. Mimi ni mtu ambaye dukani nikirudishiwa chenji pungufu naondoka kimya kwa aibu. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza maishani, nilifungua mdomo mbele ya mtu mzima nisiyemjua, nikasema kwa sauti ofisi nzima isikie: "Tunajua tunachofanya."

Miaka yote nimenyamaza, nilipoamua kuongea ndiyo nikaongea uozo ule!

"Kama mjukuu wangu kasema," bibi akasema, akaweka dole gumba.

Bei haikushuka tena. Ilisimama wiki chache, kisha ikaanza kupanda taratibu, na mimi bado namwambia bibi, "Tusubiri, zitashuka." Hata nilipoona wazi nimekosea sikusema. Ningesema, ningekuwa si bingwa tena. Huku nyuma hela inayeyuka. Mjomba akaja, "Mama, nisaidie kidogo, injini ya pikipiki imekufa." Shangazi akafiwa. Palizi ya shamba ikadai wapaliliaji. Karatasi sandukuni hakuna aliyeiomba, maana utaombaje karatasi? Hela taslimu kila mtu aliijua njia yake. Bei ilipopita ile tuliyouzia, kilichobaki hakikutosha kununua hata robo ya alizoacha babu.

Kisha ukafika ule mwezi wa gawio.

Bibi aliipeleka simu dukani ikachajiwe, kama kila mwaka. Jioni akanipa. "Hakuna ujumbe?"

"Hakuna, bibi."

Kesho yake tena. Na keshokutwa. Nilikuwa nimemuahidi tutanunua kabla ya gawio, na yeye hakuwahi kuniuliza kama tulinunua. Alikuwa ananisubiri niseme mwenyewe. Na mimi, bingwa wa soko, nilikuwa naangalia chini.

Siku ya nne akaja mwalimu mstaafu, jirani yetu, ambaye alinunua hisa zile mwaka mmoja na babu. Amejaa furaha mpaka anashindwa kukaa.

"Mama, gawio la safari hii halijawahi kutokea! Nanyi mmepata?"

Nilikuwa jikoni. Nilishika mwiko nikasubiri jina langu litajwe. Lilistahili kutajwa! Ningekuwa mimi ningelitaja, tena na la ukoo.

Bibi akacheka kidogo. "Mume wetu mwaka huu hakutuma, mwalimu. Labda huko aliko kaoa mwingine."

Mwalimu akacheka, akaaga. Mimi sikucheka. Nililia kwenye moshi ili nisingizie moshi.

Usiku ule niliungama yote. Kwamba bei ilipanda zamani. Kwamba niliendelea kumdanganya ili nisionekane mjinga. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Mwalimu si huwa anasoma bei barazani kwake? Nina masikio."

"Sasa mbona hukunigombeza?"

"Ningekugombeza ungerudi kwenye unyamavu wako. Nilitaka uyaseme kwa mdomo wako."

Watoto wa madrasa waliitwa vilevile. Babu alisomewa dua vilevile. Walikula ugali wa muhogo na mlenda, na kamoja kadogo kakauliza mbele ya watu, "Bibi, jogoo yuko wapi?" Bibi akajibu, "Kasafiri." Viatu vyangu vya mwaka huu ni vya mwaka jana, vimetoboka kidole, na navivaa nikijua hasa kwa nini.

Wewe unayesoma hapa, nina la kukuambia na nitalisema kwa ukali. Ukiwa na hisa za benki iliyo hai, na huna njaa wala mgonjwa, usiziuze kwa sababu umeona bei imeteremka kwenye simu ya mjomba wako. Uliza daftari la wanahisa linafungwa lini. Msikilize anayekuuliza maswali, hata kama hajui kusoma. Na kama wewe ni kama mimi, mpole wa kunyamaza unayedharau watu kimoyomoyo, jiogope! Tunajiona tuna akili kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia ujinga wetu.

Likizo hii nimeokota korosho kwenye mashamba ya watu. Nimerudi kwa yule kijana wa tai, nikamwamkia, nikanunua hisa chache kwa jina la bibi, chache mpaka aibu. Karatasi yake nimeifunga ndani ya ile khanga.

Bibi alilipapasa fundo akasema, "Mbona nyepesi hivi, mke mwenza?"

Nilichukua simu yake nikaipeleka kuchajiwa.