Malisho Yasiyo na Ng'ombe

Kuchora nilijifunzia machungani, huko Kimali. Ng'ombe wa baba waliingia kwenye pamba ya watu huku mimi nimekodolea macho vivuli vya mawingu vikipita juu ya mbuga. Fimbo nilichapwa sana, sikukoma. Baadaye nikahamia Bariadi, nikawa naandika mabango ya saluni ili nipate rangi, na picha zangu zote zikawa ardhi na anga tu. Mpuuzi mimi, nilijivunia kwamba siweki ndani hata kiumbe kimoja.

Ukame wa mwaka juzi ulimaliza zizi lote. Baba akaja kwangu, akaiona picha ya malisho yetu ukutani.

"Ng'wanawane, mwanangu," akaniambia, "niwekee ng'ombe wangu hapo."

Nilishinda siku tatu na brashi mkononi. Kila kichaka nilikikumbuka. Lakini ng'ombe niliowachunga utoto wangu wote, sikukumbuka baka la hata mmoja. Mwishowe nikachora ng'ombe wa kubuni, nikampelekea.

Baba aliwatazama mmoja mmoja, taratibu, kisha akanirudishia picha.

"Hawa ni wa watu," akasema.