Mwanamke Aliyekuja Kuomba Moto

Hadi leo sipendi mtu aniulize nimepika nini. Wajukuu wangu huuliza kwa sababu ya njaa tu, najua, lakini kabla sijajibu huwa nimeshajiuliza: huyu anataka kwenda kumwambia nani? Wananicheka. Wakinicheka sana nawaambia waende wakapike wao.

Ubaya huu niliupata nikiwa msichana mdogo, miaka ya Imajensi, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa uhuru msituni, tulipoondolewa kwenye shamba letu juu ya Kianjokoma na kukusanywa kijijini. Nyumba zetu zilichomwa, tukajengeshwa vibanda vilivyobanana hata jirani akikohoa ungedhani ni mtu wa kwako. Kijiji kilizungukwa na handaki lililojaa miti iliyochongwa, na lango lilikuwa moja tu, likilindwa na homgadi, Waafrika wenzetu waliobebeshwa bunduki na serikali. Asubuhi wanawake walipanga foleni langoni kwenda kuchimba barabara ya serikali. Alasiri waliruhusiwa kwenda shambani kwa muda mfupi, kisha lango likafungwa.

Kibandani tulikuwa wanne: mama, nyanya aliyemzaa baba, mimi, na ndugu yangu mchanga aliyezaliwa baba akiwa ameshaondoka. Kwa serikali, baba alikuwa amekwenda Thika kutafuta kazi na mama hakujua alipo. Ukweli ni kwamba baba alikuwa msituni, na mama alijua. Mwanamke aliyegunduliwa kuwa anapata habari za msituni alichukuliwa akafungwa mbali, na wapo ambao hatukuwaona tena mpaka watoto wao walipokua. Mama akichukuliwa, nyanya hangeweza kuchimba wala kutulisha, na mtoto angekosa ziwa. Hofu hiyo ilikaa nyumbani mwetu kama mgeni asiyeaga.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mke wa homgadi, na kila jioni mwanamke huyo alikuja kuomba moto. Kwetu humnyimi mtu moto, hata awe adui yako. Aliyezimikiwa hubeba kigae akaenda kwa jirani kuchukua kaa, akawashe kwake. Lakini huyu alizimikiwa kila siku. Mama alishindwa kuelewa mke wa homgadi, ambaye chumvi na sukari vilimfikia mlangoni, anakosaje kiberiti. Tena akiinama kuchukua kaa, macho yake hayakwenda kwenye moto. Yalikwenda kwenye chungu.

"Mmepika nini leo?" aliuliza kila mara, kwa sauti nzuri.

Chungu kikubwa kilimaanisha kuna mtu wa kulishwa nje ya handaki, kila mtu alijua hivyo. Mama alijibu mahindi na maharagwe, hata siku ambazo maharagwe yenyewe hatukuwa nayo. Mgeni akitoka, mama alifunika chungu na kutuonya tena: ukiulizwa na mtu yeyote, hujui, hukuona, ulikuwa umelala. Nililala sana utotoni, kwa maneno.

Wakati mmoja mama alimtega. Alimwambia, kama anayepiga soga, kwamba kesho anatarajia kuletewa viazi na mtu wa kutoka Runyenjes. Hakukuwa na viazi wala mtu. Tukangoja homgadi waje kupekua. Hawakuja kesho, wala siku iliyofuata. Nilidhani mama atafurahi, lakini aliingiwa na wasiwasi zaidi.

"Bado hajatula," alimwambia nyanya. "Anangoja tunenepe."

Mama hakuwa mtu wa kelele. Wasiwasi wake wote aliupeleka kwenye kinu. Sisi hupenda muthokoi, mahindi yanayotwangwa kwa maji kidogo mpaka ganda litoke na punje ibaki nzima, na kazi hiyo hutaka mkono wenye subira. Akigombezwa langoni, alirudi akatwanga. Nyumba ikipekuliwa na unga kumwagwa sakafuni, aliuzoa kwanza, kisha akatwanga. Kwa mlio wa mchi nilijua siku imekwendaje kabla sijamwona uso.

Alasiri moja nyanya alirudi kutoka shambani akiwa hana hata kuni. Alimvuta mama pembeni ya kitanda, akamwambia maneno machache sikioni. Mama alisimama, akatia mahindi kinuni, akaanza. Alitwanga mpaka punje zikapasuka, zikawa chenga, zikawa unga, naye haachi. Nyanya aliketi mlangoni, akanipakata, akanisimulia hadithi ya fisi kwa sauti kubwa ili mtaa usikie, huku machozi yakimdondoka juu ya mikono yangu. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba baba yangu amekufa. Hakuna aliyeniambia, na sikuuliza. Niliumia, na nikaona aibu kuumia, kwa sababu hata kulia kulikuwa ni kutoa ushahidi.

Sasa ukazuka ugomvi wa minong'ono kati ya wale wanawake wawili. Kwa desturi yetu mjane hunyolewa kichwa. Asiponyolewa, kifo hakitoki nyumbani, kinatafuta mwingine. Nyanya mwenyewe alikuwa akinyoa siku zote kama wazee wenzake, kwa hiyo huzuni yake haikuonekana. Lakini mama alikuwa mtu wa misheni. Wanawake wa misheni walikuwa wameacha kunyoa, walifuga nywele fupi na kuzifunga kitambaa. Mama akionekana na upara, wa kwanza kumwona angeuliza nani amekufa, na swali la pili lingekuwa nani amekuletea habari. Mama alisema Mungu hahesabu nywele za wajane. Nyanya alijibu, "Mungu hakumzaa mwanangu, mimi ndiye niliyemzaa."

Huenda mama angeshinda. Lakini ndugu yangu mchanga akashikwa na homa, akakataa ziwa, na nyanya alimtazama mama tu. Siku ya tatu mama alimfuata nyanya shambani na wembe. Aliporudi, kitambaa kilikuwa kimekaa vibaya, kimelegea, kama sufuria iliyofunikwa na mfuniko mkubwa.

Jioni yule jirani akaja na kigae chake. Safari hii macho hayakwenda kwenye chungu. Yalibaki kwenye kitambaa cha mama, yakatulia hapo. Hakuuliza tumepika nini. Alichukua kaa lake na kwenda, bila hata kuaga.

"Basi," mama alisema. Akaanza kunielekeza: mtoto anyweshwe uji mwembamba uliochujwa, nyanya asiachwe kubeba maji, na mimi nisiende popote na mtu anayetaka kunipa sukari. Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayepanga kwenda sokoni. Nilimchukia jirani yetu jioni ile kwa chuki ambayo sijawahi kumpa mtu mwingine.

Asubuhi nilisimama kwenye foleni nikiwa nimembeba mtoto, maana mama alitaka kumnyonyesha mpaka dakika ya mwisho. Homgadi wa langoni hakuwa wa kwetu. Aliletwa kutoka upande mwingine, akawa anatusemesha Kiswahili. Alimtazama mama akipita, akanyoosha mkono, akamvua kitambaa.

"Wewe mama, nywele imeenda wapi?"

"Chawa," mama alisema.

"Chawa ya juzi hakuna, ya leo iko? Nani amekufa?"

Ndipo yule jirani alipotoka nyuma yetu, akafungua kitambaa chake mwenyewe. Kichwa chake kiling'aa, kimenyolewa mpaka ngozi, na juu ya sikio palikuwa na mkato mbichi wa wembe.

"Hiyo chawa ni yangu," alisema. "Kila siku naenda kwake kuchukua moto, nimemjaza. Uliza bwana yangu kama amelala usiku. Anajikuna tu."

Wanawake walicheka, kwa kuwa walihitaji kucheka. Homgadi akarudi nyuma hatua moja, akajikuna shingo, akatuambia tupite haraka tusimgusie nguo.

Ungedhani mama alishukuru. Kutwa nzima alichimba, na aliporudi alikuwa na swali moja tu, akalizungusha kibandani. Uongo wa chawa ameusikia langoni, lakini kichwa alikinyoa kabla ya hapo; alijuaje kwamba kitahitajika? Na hata kama aliona kitambaa kimelegea, nani amemwambia kimelegea kwa sababu gani?

Jioni jirani alikuja. Hakubeba kigae. Alisimama karibu na mlango, mama naye akabaki ameketi, na upara wao wawili ulitazamana kwa mwanga wa moto.

"Yuko wapi?" mama aliuliza.

Jirani alitazama nje kwanza. Kisha akasema polepole, "Juu ya maporomoko, penye mti mkubwa wa muringa. Bwana wangu ndiye aliyemzika. Wengine walitaka mwili uletwe uanikwe langoni, yeye akawaambia umechukuliwa na mto. Walitahiriwa siku moja, yeye na baba watoto wako. Ndiyo maana kila jioni alinituma nione kama mnakula."

Hakusema nani alipiga risasi, na mama hakuuliza. Nyanya alijifunika uso kwa nguo.

"Wakijua, watamnyonga," jirani alisema. "Sasa na wewe una neno la kunipeleka nalo kwa serikali."

Mama alisogea kwenye kigoda, akampa nafasi, na yule mwanamke akaketi karibu naye, bega kwa bega. Wote wawili walianza kulia bila sauti. Mimi nilimweka mtoto chini, nikaenda mlangoni kuangalia ni nani amesikia.