Mbwa Aliyeanguka Ijumaa na Jumapili

Enzi zetu pale Mchafukoge, kifafa cha Bosi ulikisikia kabla ya kukiona. Kucha zilianza kugonga sakafu ya koridoni, ta-ta-ta-ta, kama mtu anayemwaga choroko kwenye sinia la bati. Sisi tuliokuwa chini uani tukicheza rede tuliuacha mpira ujiangukie, tukapanda ngazi mbio. Tukifika tunamkuta kijibwa cheupe, kidogo kuliko kikapu cha sokoni, amelala ubavu, miguu inakimbia bila kwenda popote, povu mdomoni.

Bosi alikuwa wa Mama Eli, mama wa Kichagga aliyeuza vitenge kwa jumla Kariakoo. "Humu ndani kila mtu anajiona bosi," alisema, "basi acha na huyu awe." Mlango wake ulitazamana na wetu, na kati ya milango ile miwili sahani hazikupumzika. Ijumaa pilau yetu ilivuka koridoni, Jumapili sahani ikarudi na ndizi nyama, maana kurudisha sahani tupu ilikuwa aibu ya ukoo mzima. Mpaka leo nikisikia harufu ya bizari nyembamba ikikaangwa, miguu yangu inatafuta zile ngazi.

Mama yangu, mtu wa pwani, hakutaka tumguse Bosi. "Mtazameni kwa macho. Mate yake yakiwapata mtajiosha mara saba, moja kwa mchanga, na mchanga huku ghorofani mtautoa wapi?" Lakini yeye ndiye aliyesimama kizingitini kila Ijumaa akimrushia minofu ya pilau, tena ile laini. Na kwa kuwa Bosi alikuwa mwembamba, anakunywa maji kama ngamia na wakati mwingine amesimama tu, kichwa amekibana ukutani, jengo zima lilikata shauri kwamba amepungukiwa damu. Dawa ya damu nani asiyeijua? Maini! Kila nyumba ikamwekea kipande chake. Akianguka, tunamwongezea.

Wazee wakagundua kwamba anaanguka Ijumaa baada ya sala na Jumapili baada ya ibada. Minong'ono ikaanza: hilo ni shetani lisilopenda dini yoyote.

Baba mwenye nyumba yeye hakuamini mashetani. Siku aliyoliona lile povu kwa macho yake alirudi nyuma hadi kwenye ngazi. "Mama Eli, huyo ana kichaa. Jumapili ijayo nakuja mwenyewe. Akianguka tena, naita watu wa bunduki." Mama Eli, ambaye sokoni aliweza kubishana na wateja watatu kwa mpigo, aliinama tu. Alimfunika Bosi kwa kipande cha kitenge, akaingia ndani.

Kesho yake akamleta daktari wa mifugo, dada mmoja mchangamfu. Mama alimwamkia kwa mashaka, kwani kwetu daktari wa mifugo alikuwa wa ng'ombe.

"Chanjo ya kichaa alipata?"

"Kila mwaka," alisema Mama Eli.

"Na hii kuanguka imeanza lini?"

"Tangu kabla ya Krismasi, dokta. Kila Ijumaa na kila Jumapili."

"Basi si kichaa. Mbwa wa kichaa haanguki Ijumaa, Jumamosi akaamka kudai mfupa. Angeshakufa zamani. Haya, siku hizo mbili anakula nini?"

Daktari akatupa jicho koridoni. Milango yote ilikuwa wazi, na kila mlango una mama wake.

"Kanyama kidogo tu," alisema Mama.

"Na mimi kidogo tu," wa mlango wa pili akadakia.

"Vijipande vya maini, viwili vitatu…" akaongeza wa tatu.

Daktari alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Jamani, mnamfanyia harusi kila wiki!"

Alimtoa Bosi damu kabla ya kula na baada ya kula, akampiga picha ya tumbo kwa mashine kama ile ya wajawazito. Majibu yalipotoka akatueleza hata sisi watoto tukaelewa. Ini ndilo linalosafisha sumu ya chakula. Bosi alizaliwa na mshipa unaolikwepa ini, kwa hiyo damu chafu inapanda moja kwa moja kichwani. Na chakula kilichomtia sumu nyingi zaidi kilikuwa ile nyama yetu ya upendo. Akaacha dawa ya maji, tamu kama sharubati, na amri moja: wali na yai, kidogo kidogo. Nyama marufuku, maini ndiyo kabisa.

Watoto wa siku hizi mbwa akianguka wanatoa simu kwanza, wanarekodi, kisha wanauliza mtandaoni anaumwa nini, wakati jirani anayemlisha yuko ukuta wa pili na hawamjui jina. Majengo yale sasa yana mageti ya chuma kila mlango, na sahani zimebaki kabatini. Sisi ujinga wetu ulikuwa wa pamoja, na kupona kwake pia. Ijumaa ile Mama alipika pilau huku mlango umefungwa, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Bosi alilia kizingitini. Na Mama, ndani, akalia kidogo pia, akisingizia vitunguu.

Jumapili baba mwenye nyumba alikuja baada ya chakula, akaomba kiti, akaketi katikati ya koridoni. Jengo zima likatega sikio. Mama Eli alisimama mlangoni, kitenge amekikunja mkononi. Kisha zikasikika: kucha, sakafuni.

Ta. Ta. Ta.

Zilikuwa za polepole, za mtembezi. Bosi alitokea nyuma ya Mama Eli, akaenda hadi kwenye kiatu cha baba mwenye nyumba, akakinusa, akapiga miayo, akajilaza juu yake.

Yule mzee aliinama kumtazama mdomo. Akauchomoa mguu taratibu, asimwamshe.

"Haya. Abaki, lakini akojolee kwingine," alisema, akashuka ngazi, na mlango wa chini ukajifunga nyuma yake.