Ndege Aliyeitwa Bahili

Nikifungua kabati na kukutana na harufu ya naftalini, hadi leo hulifunga tena upesi. Ndiyo harufu ya nyumba ya Papa Keith katika mtaa wa Uccle huku Ulaya, mzee wa Australia ambaye mama yangu alikuwa akimhudumia. Maisha yake yote alikuwa karani, ila ndege aliwajua kuliko maprofesa. Aliwafuata kwao Australia, akawafuata hadi Kivu, kwetu, na miguu ilipomkataa akawa anahesabu kasuku wa kijani kutoka dirishani. Binadamu hakuwapenda. Mama akimwekea supu, alisema imepoa kabla hajaionja.

Kila Jumatano mchana, shule ikifungwa, nilikuwa naenda huko. Mzee alivuta droo zilizojaa ndege waliokaushwa, akamuuliza Mama majina yao kwa lugha ya kwetu.

"Huyu tunamuitaka Bahili," Mama alijibu bila kusita. "Na ule, Mulalamishi."

Mzee aliandika kwa mwandiko mzuri. Mimi jikoni niling'ata mkono wa sweta nisicheke.

Jumatano moja niligusa bawa la ndege mdogo wa buluu, unyoya ukang'oka. Mzee alinichapa vidoleni kwa rula, akaniita mshenzi. Nilikuwa na miaka tisa, na hasira ilinipanda hadi masikioni.

"Majina yako yote ni ya uongo," nilimwambia kwa Kifaransa. "Bahili ni wewe. Mama anakucheka."

Alimgeukia Mama. "Ni kweli?"

"Ndiyo, monsieur."

"Basi nipe ya kweli."

 Mama alijifuta mikono kwenye aproni, na mikono ilikuwa mikavu.

"Siyajue," alisema.

Mzee alifunga daftari. "Chukua koti lako. Usirudi."

Kwenye tramu nilingoja kofi. Halikuja. Mama alisema, macho yakiwa dirishani, "Nilitokaka kule nikiwa mutoto kuliko weye. Hakuna muntu alinionyeshaka ndege."

Kazi nyingine aliipata upesi, nami nikadhani yameisha. Niliamini kwa miaka mingi kwamba siku ile nilimuumbua mzee. Kumbe niliyemvua nguo mbele ya adui yake alikuwa mama yangu.

Juzi binti yangu alinionyesha mti bustanini, akauliza sisi tunauitaje kwa Kiswahili. Nilimjibu papo hapo, kwa sauti ya mtu anayejua, jina ambalo halipo popote.