Mwaka Niliopunguza Kitambi

Kitambi nilikipata kwa jitihada. Nilipokuwa karani wa ghala la ushirika pale Itigi nilikuwa mwembamba kama wenzangu wote, tukipanga foleni ya sukari na sabuni. Kisha ruksa ikaja, biashara ikafunguliwa. Nikaacha ukarani, nikaanza kununua asali na nta kwa warina asali wa vichakani na kuzipakia kwenye treni. Baada ya miaka michache nikawa na pikapu, stoo ya bati karibu na stesheni, na tumbo lililotangulia kufika kila nilikokwenda. Watu walilitazama wakaniamini. Mwenye tumbo kama lile, walisema, hawezi kukimbia na mzigo wa mtu.

Mimi nililipenda. Mke wangu hakulipenda, lakini alilipikia.

Halafu kichwa kikaanza kuniuma kila asubuhi, nikaenda hospitali. Daktari alinipima presha mara mbili, kana kwamba hakuamini ya kwanza, akanipandisha kwenye mizani. Kilo mia na nne.

"Dawa nitakupa," alisema, "lakini dawa peke yake haitoshi. Utembee. Saa nzima kila siku, haraka, mpaka shati lilowe."

"Niende wapi, daktari?"

Alicheka. "Popote. Nenda, geuka, rudi."

Kwake lilikuwa jambo dogo. Kwetu halikuwa dogo. Kwetu mtu hampiti mwenzake njiani kimya. Mnasalimiana, kisha unaulizwa unatoka wapi, unaelekea wapi, huko utokako kuna amani. Huo si udadisi, ni adabu, na adabu ni kujibu. Mtu anayekwenda mahali pasipo na jina, akageuka pasipo na sababu, akarudi mikono mitupu, hatujui tumweke wapi.

Asubuhi ya kwanza niliondoka jua likichomoza, nikafuata njia ya miguu iliyo kando ya reli kuelekea vichakani. Sikufika mbali. Nilikutana na mrina asali mmoja mzee, mtu niliyekuwa nanunua asali yake, amebeba debe begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Gari limekufa?"

"Hapana, zima tu."

"Haya. Na safari ya wapi kwa miguu?"

Ningemjibu natembea ili nipungue. Lakini mtama wake ulikuwa umekauka mwaka ule, na mashavu yake nilikuwa nayaona. Niliona haya kumwambia mtu kama yule kwamba nimeshiba mpaka nikashauriwa kuitoa shibe kwa jasho.

"Naenda kuangalia mizinga kule mbele," nikasema.

Ulikuwa uongo mdogo, na ulipita. Siku ya pili nilimwambia mama mmoja wa mkaa kwamba naenda kumwona mgonjwa. Siku ya tatu nilikuwa natafuta ng'ombe aliyepotea. Sikuwa na ng'ombe. Kila asubuhi nilitoka na jibu jipya, na baada ya wiki chache sikukumbuka nani nilimwambia nini.

Lakini mwili ulipungua. Stoo nilikuwa na mizani kubwa ya kupimia mizigo, ile ya kusimama juu ya bamba, na kila Jumamosi nilifunga mlango nikapanda. Tisini na nane. Tisini na tatu. Themanini na nane. Kichwa kikaacha kuuma. Nilipanda ngazi za behewa bila kuhema. Nilipopeleka suruali kwa fundi cherehani mara ya tatu alizitazama, akanitazama, akauliza polepole, "Nipunguze tena, bosi?" Nilimjibu kwa furaha kwamba apunguze sana. Hakucheka nami.

Wanaosoma leo huenda hawakumbuki kukonda kulimaanisha nini miaka ile. Ugonjwa ulikuwa umefika, dawa hazikuwepo, na sisi watu wa kando ya reli tuliuona ukishuka na abiria. Hatukuutaja kwa jina. Tulitazama shingo za watu, na mikanda yao.

Nilijua wanasema nini siku niliyokuwa ndani ya stoo na wapakiaji wawili wakapumzika nje, migongo yao kwenye bati.

"Bosi kakanyaga waya," alisema mmoja.

"Acha wewe."

"Niache nini? Mwangalie shingo. Na kule vichakani anaenda kufanya nini kila asubuhi? Mama wa mkaa kaambiwa mgonjwa. Mzee wa mizinga kaambiwa mizinga. Shemeji yangu kaambiwa ng'ombe. Ng'ombe gani? Ana mganga kule, anafuata dawa."

"Na mimi jana nimelamba asali yake!"

"Basi andika wosia. Mimi niachie baiskeli."

Wakacheka mpaka wakakohoa.

Mtu mwenye moyo safi angefungua mlango, akacheka nao, akawaambia: nyie wapuuzi, daktari kaniambia nitembee. Nilikuwa nimeshika komeo. Sikulifungua, na sababu yake ndiyo jambo ninalojutia kuliko yote.

Nilikuwa na mwanamke Tabora. Kwa miaka miwili, kila nilipopeleka nta, nililala kwake, na nyumbani nilisema treni imechelewa. Treni zilichelewa kweli, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Mwezi mmoja kabla ya siku ile ya wapakiaji, nilifika nikakuta mlango wake umefungwa kwa kufuli. Jirani alisema ndugu zake wamekuja kumchukua, wamempeleka kwao. Nilipouliza anaumwa nini, jirani alisema, "Amekonda tu."

Basi nilisimama nyuma ya mlango wa bati nikisikiliza mzaha wao, na mimi mwenyewe sikujua kama ni mzaha. Zile kilo kumi na sita zilikwenda wapi? Zilitolewa na miguu yangu, au kuna kitu kingine kilichokuwa kinanila, na miguu inajisifu bure?

Maneno yalifika Mungaa, kwao mke wangu, haraka kuliko barua. Akaja kaka yake mkubwa. Alikaa uani, akakataa chai, akaweka kofia gotini.

"Shemeji, sikuja kwa ugomvi. Mama amenituma niulize neno moja. Binti yetu ni mzima?"

"Si unamwona? Mzima kabisa."

"Namwona. Na wewe je?"

"Daktari ameniagiza nitembee. Natembea."

"Unatembea unakwenda wapi?"

Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesema kweli, na kweli yenyewe ilisikika kama uongo wa jana. Alivaa kofia yake. Alipofika mlangoni alimwambia dada yake kitu kwa Kinyaturu, taratibu, na ingawa nilikielewa sitakiandika.

Jioni ile mke wangu alikuwa anachambua mtama kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Baba watoto, twende hospitali tukapime. Wote wawili, siku moja."

"Wewe pia unaamini maneno ya stesheni?"

"Sijasema naamini. Nimesema twende."

"Nimepungua kwa kutembea! Kamuulize daktari!"

"Sikuulizi habari ya unene wako," alisema. Sasa aliinua uso. "Naomba kujua kama nitawalea watoto wangu. Hilo tu."

Watoto wetu wawili walikuwa shule ya bweni. Niliwafikiria, nikafikiria ule mlango wenye kufuli. Kupima siku zile kulikuwa kutoa damu na kungoja wiki mbili, na jibu likiwa baya hakuna aliyeweza kukufanyia chochote. Ila hilo nalitaja kama kisingizio. Nilichokiogopa zaidi ni kwamba jibu baya lingemfikia yeye pia, na angejua limetoka wapi.

Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nageuza uso ukutani.

"Nipe mwezi mmoja," nilimwambia. "Naacha kutembea. Nakula. Kama ni miguu iliyonikondesha, mwili utarudi. Ukirudi, jibu umelipata, na hatuna haja ya kutoboana sindano."

Akarudi kwenye mtama wake.

Nikaanza kula. Kuku wa mafuta, ugali asubuhi na jioni, maziwa ya mgando, nyama niliyokaanga kwa mafuta ya alizeti mpaka ikaelea. Alipika kila nilichotaka, akakiweka mezani, akaondoka. Nilitafuna kama mtu anayesaga mawe. Chakula kilifika kooni kikagoma. Jumamosi ya kwanza nilifunga mlango wa stoo nikapanda mizani, na nikakuta nimepungua kilo moja zaidi. Nilishuka nikapanda tena. Nilivua viatu, kana kwamba viatu ndivyo vilivyokuwa na kosa.

Nilikaa juu ya gunia la nta. Nilihesabu safari zangu za Tabora moja moja. Mke wangu nilimwambia mizani imeharibika.

Wiki ya pili haikuongeza wala kupunguza. Nilianza kuamka alfajiri na kujishika mbavu, kujishika mikono, kujitazama ulimi kwenye kioo cha pikapu. Kichwa kilianza kuuma tena, na katika ujinga wangu nilikishukuru, maana kichwa kuuma kulikuwa kwa enzi ya unene. Hata siku moja sikujiuliza mwenzangu analalaje. Nilikiona kimya chake, nikadhani ni subira.

Wiki ya tatu mizani ilipanda. Kilo tatu! Nilifunga stoo mchana kweupe nikaenda nyumbani karibu nikimbie, nikisalimia kila mtu kwa sauti. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha uani, amevaa nguo za safari, mfuko umefungwa miguuni.

"Zimerudi!" nilisema. "Kilo tatu! Si nilikwambia?"

"Keti," alisema.

Sikuketi.

"Nilikwenda kupima peke yangu," alisema. "Siku ile uliyoanza kula. Leo nimechukua majibu. Mimi sina."

Nilipiga makofi. Namwomba Mungu anisamehe, nilipiga makofi. "Basi na mimi sina! Umeona? Tumekwisha maliza!"

Alinitazama kama anayemtazama mtu asiyemjua akifurahia kitu asichokijua.

"Wiki mbili nzima nilikuwa nangoja kuambiwa kama nitakufa," alisema. "Nilikuwa nakupikia. Wewe ulikuwa unakula."

Nilisema maneno mengi baada ya hapo. Nilisema yeye ndiye aliyekwenda kwa siri, kwamba amenidharau, kwamba watu watasemaje. Aliniachia nikamaliza. Kisha akainua mfuko wake.

"Kapime. Ukipata jibu, lolote, njoo Mungaa uniambie mwenyewe. Usimtume mtu."

Nilichukua miezi minne. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa na kazi nyingi. Nilikuwa na hofu nyingi. Nilipokwenda hatimaye, nilitoa damu, nikangoja wiki zangu mbili, na kila siku ya zile wiki nilijua mwenzangu alipitia nini, akiwa na jiko la kuni mbele yake na mimi mezani. Sikuwa nao ugonjwa. Zile kilo zote zilikuwa zimetolewa na miguu, kama alivyosema daktari.

Niliwasha gari siku ileile. Kupitia Singida mjini mpaka Mungaa nilifika jua limeanza kupoa. Mama mkwe alinipokea kwa heshima kuliko siku zote, na hilo lilinitisha. Mke wangu alitoka shambani, akanawa mikono, akakaa kwenye kigoda upande wa pili wa uwanja.

"Sina," nilimwambia.

Alifumba macho kidogo. "Nashukuru Mungu. Nimefurahi kweli."

Akaniletea maji, kisha ugali na mlenda, akakaa mpaka nikamaliza. Nilidhani yamekwisha. Nilikwisha tazama pembeni kuona kama mfuko wake uko karibu. Ndipo akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Sasa ulikuwa unaogopa nini? Mtu anayetembea tu haogopi sindano. Niambie."

Hakuwa anauliza kwa kutojua. Nilikwisha kuelewa hilo tangu aliposema "niambie". Alikuwa amenifungulia mlango, akakaa pembeni ili nipite. Ningesema neno moja, Tabora, ningelia, naye angelia, na pengine ingetuchukua mwaka, lakini tungerudi Itigi wote wawili. Naamini hivyo hadi leo.

"Niliogopa watu," nilisema. "Maneno ya watu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama aliyepokea alichokitegemea. "Haya," alisema. "Jua linazama. Usiendeshe gizani."

Alisimama. Nami nikasimama. Tulipita kando ya ghala la mtama, tukapita zizi, tukaingia njia iendayo barabarani nilikoacha gari. Alitembea nyuma yangu hatua chache, mikono mgongoni. Mwisho wa shamba lao alisimama, akanitakia safari njema, akaniambia niwasalimie wa Itigi. Mwenye nyumba hasindikizwi. Anayesindikizwa ni mgeni, na hufikishwa pale pale, mwisho wa shamba. Nilipogeuka kutazama alikuwa ameshaanza kurudi, anatembea haraka, bila kuhema.