Mbavu Nne za Bawa

Jumapili iliyopita mjukuu wangu alikaa kwenye meza yangu ya jikoni akafungua kichupa cha rangi ya kucha, na mimi nikaacha kiazi mkononi nusu hakijamenywa. Harufu ile ilinishika pale pale. Ni tamu kidogo, kama ya ndizi iliyoiva kupita kiasi, halafu inakuja kali hadi paji la uso linauma. Mtoto aliniuliza, "Nyanya, nifungue dirisha?" Nikamwambia aliache vile vile. Kwenu nyinyi hiyo ni harufu ya urembo. Kwangu ni harufu ya bawa la ndege, na ya baba yangu.

Nitawaeleza, lakini msiniharakishe.

Baba alikuwa fundi wa cherehani. Tulitoka Maragoli nikiwa bado nabebwa mgongoni, tukaja Eldoret, ambayo wazee wa huko waliita Sisibo. Alikaa na cherehani yake kwenye baraza ya duka la Muhindi, akishona kaptura za kaki za masetla, wale Wazungu wa mashamba, na magauni ya akina mama wa kanisa. Mji mzima ulimjua Fundi Asava. Hakuna aliyemshinda kwa mkono, na hakuna aliyemshinda kwa kukosa subira. Alikuwa amepata wanafunzi watatu, na wote watatu walitoroka, mmoja akiacha hata koti lake. Alikuwa anakupa kitambaa, anakutazama kwa muda wa pumzi mbili, halafu anasema, "Lete hapa!" na kitambaa kimeshatoka mkononi mwako. Ukibahatika kumaliza mshono kabla hajakunyang'anya, alikukazia macho na kusema neno moja tu: "Fumua."

Mimi nilifundishwa kwa sababu wanafunzi walikwisha na nilikuwa hapo karibu. Tatizo langu lilikuwa kubwa kuliko lao, maana natumia mkono wa kushoto. Mafundo yangu yalilalia upande wa pili, na Baba hakuweza kuyatazama bila kukunja uso. Nilishona foronya, nikaenda kulala nikijivuna, na asubuhi niliikuta imefumuliwa na kushonwa upya, mafundo yote yamelala kulia. Nilifika umri wa miaka kumi na moja bila kuona mtu hata mmoja akitumia kitu nilichokishona mimi. Nilijua kushona, na nilijua pia kwamba kushona kwangu hakukuwa na maana yoyote.

Sasa Bwana Tena.

Hii ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitler. Nje ya mji, kati ya miti ya miwati na mashamba ya ngano, palikuwa na uwanja wa nyasi na banda la mabati, na ndani ya banda ndege ya mabawa mawili mawili, moja juu ya lingine. Mwenye kufundisha pale alikuwa setla mrefu, mwenye masikio mekundu, aliyekuja Uasin Gishu kulima ngano akashindwa nayo kabisa. Wanafunzi wake walikuwa vijana wa masetla wenzake, kwa sababu siku hizo kiti cha rubani hakikuwa cha watu wetu. Kijana akija kutua, ndege inagonga nyasi, inaruka, inagonga tena, na sisi watoto tuliosimama mbali kwenye seng'enge tulisikia sauti moja ikipaa juu ya injini: "Tena!" Ndege inaondoka upya. Ndiyo maana tukamwita Bwana Tena, na nadhani alijua.

Ndege hiyo ilivaa kitambaa. Nilipoambiwa hivyo sikuamini, hadi siku Bwana Tena alipokuja barazani kumwomba Baba aje avishe bawa lililopasuka. Kazi yenyewe ni hivi. Bawa ni mifupa ya mbao, na mbavu zake zimepangwa moja moja kutoka mwanzo hadi ncha. Unalivisha kitambaa, unalisimamisha kwa ukingo wake, na kitambaa kinashonwa kwenye kila ubavu kwa uzi uliopakwa nta. Sindano ilikuwa ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi kidole. Baba alisimama upande huu, mimi upande ule. Yeye anasukuma sindano, mimi naipokea na kuirudisha upande wa pili wa ubavu, yeye anafunga. "Funga, vuta, funga tena," alinong'ona kila fundo, kama anayehesabu. Ukifunga mara moja tu, uzi unateleza. Mwisho utepe unabandikwa juu ya mafundo, na bawa lote linapakwa ile vanishi yenye harufu ya ndizi, kitambaa kinakauka na kukaza hadi ukikigonga kinalia ngoma.

Bwana Tena alikuwa na sharti moja, na alilitaja siku ya kwanza kabisa. "Yule nashona, yule napanda." Bawa likiwa tayari, aliyelishona atakaa kwenye ndege siku ya kulijaribu.

Mama alipolisikia sharti hilo aliweka mwiko chini. "Kuishonea ndege nguo, sawa," alisema. "Hiyo ya kuingia ndani ya nguo ndio sielewi."

Siku ya tatu au ya nne, Bwana Tena alimwona Baba akininyang'anya sindano. Tulipokunywa chai nje ya banda akauliza kwa Kiswahili chake cha shamba, "Fundi, kwa nini wewe nanyang'anya hii toto?"

"Ataharibu, Bwana."

"Mimi pia nasema hivyo, zamani."

Akakaa kwenye debe akatueleza, na mimi nawaeleza kama nilivyosikia. Wakati wa vita alikuwa rubani, lakini aligombana na mkubwa wake, na adhabu yake ikawa kupelekwa kusini, Rhodesia, kufundisha. Alichukia. Wenzake wanapigana, yeye amekaa na watoto wasiojua kushoto na kulia. Kwa hiyo hakuwaacha washike. Kila ndege ilipokaribia chini, vidole vyake viwili vilikuwa kwenye usukani wake, maana kila kiti kina wake, akirekebisha kidogo kidogo bila kusema. Alikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye alitua vizuri kuliko wote. Akamwambia, leo nenda peke yako.

Akatazama kikombe. "Mimi nafikiri yeye natua," alisema. "Kumbe mimi natua. Siku zote, mimi."

Walimzika yule kijana Jumamosi. Bwana Tena aliomba arudishwe darasani yeye mwenyewe, afundishwe upya kazi ya kufundisha, na vita vilipokwisha hakutaka kazi nyingine. Mimi, mtoto, nilichofikiria ni kwamba chai yangu inapoa.

Sasa kuna jambo ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyelitaja. Macho ya Baba yalikuwa yameanza kuondoka. Alishika sindano mbali na uso, aliniita kutunga uzi, akasingizia vanishi. Juma lile la mwisho alijichoma kidole mara tatu kwa fundo moja. Mkaguzi Mzungu wa kutoka Nairobi alikuwa anakuja Ijumaa, bawa lirushwe Jumamosi, na Alhamisi mchana zilibaki mbavu nne, zile za kuelekea ncha. Kama Bwana Tena angejua, Baba angepoteza kazi ile, na ikisikika mjini angepoteza hata baraza.

Baba alishusha sindano, akasema, "Kageha. Njoo upande huu."

Nikaenda. Akazunguka akakaa upande wangu, wa kurudisha sindano. Nikafunga fundo la kwanza, mkono wa kushoto, nikingoja ile "Lete hapa." Haikuja. Nilichungulia kwenye ukingo wa bawa nikamwona ametia mikono yake yote miwili makwapani, ameibana kama mtu mwenye baridi, na anaitoa tu sindano inapofika. Jasho lilikuwa linamtoka. Tulimaliza mbavu zote nne hivyo, na hakusema lolote ila kunong'ona, "Funga, vuta, funga tena."

Halafu akaniambia nitangulie nyumbani, yeye abaki kidogo aangalie kazi. Nilijua maana yake: anabaki afumue. Nililia njia nzima hadi daraja la mto Sosiani, kwa hasira.

Mkaguzi alikuja Ijumaa, akapitisha kidole hapa na pale, akasema ni sawa, akaenda kula. Utepe ukabandikwa, vanishi ikapakwa, na hakuna mtu ambaye angeweza tena kuona fundo lolote.

Jumamosi asubuhi, nikipuliza uji wangu, ndipo akili ikanijia. Kama Baba haoni vizuri, alifumuaje? Ama alifumua na kushona upya gizani mwa macho yake, ama aliziacha mbavu zangu. Leo atapanda juu ya bawa hilo. Nilitamani kwa moyo wangu wote awe amefumua. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu kutamani hivyo.

Bwana Tena alikaa kiti cha mbele, Baba cha nyuma, amefungwa mikanda na kuvikwa kofia ya ngozi iliyomfunika nyusi. Ndege ikaondoka kwenye umande. Ilizunguka juu ya miwati, ikaenda mbali hadi ikawa ndogo, ikarudi. Ilipita chini chini juu ya uwanja, chini kuliko nilivyowahi kuona, na nikaona kwa macho yangu mtu wa mbele ameinua mikono yote miwili juu ya kichwa chake.

Mikono juu, wazi, vidole vimetanuka. Nilijua jambo moja tu kuhusu mtu anayeinua mikono hivyo: mambo yamemshinda. Nikajua bawa limeachia. Nikajua ni lile fundo la tatu la ubavu wa mwisho, ambalo sikuwa nimelivuta vya kutosha. Nilianguka kwenye nyasi nikapiga kelele kwamba nimemuua Baba, hadi kibarua wa banda akanifunika na koti lake.

Ndege ilitua. Baba alishuka anacheka. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka meno yote nje. Nikamrukia, nikamshika shati. "Baba, ulizifumua zangu?"

"Beba kikapu," alisema. "Mama yako anangoja."

Jioni ndipo alipomweleza Mama, akirudia mara nne. Kule juu Bwana Tena alimwambia kwa mrija wa kuongea, "Fundi, shika wewe." Baba hakuamini kuwa ameachiwa, ndipo Mzungu akainua mikono ili aliye nyuma aione. Ndivyo alivyofanya kwa wanafunzi wake wote. "Niliishika mimi," Baba alisema. "Mimi, Asava." Hakuna daftari lililoandika dakika zile, na kwa sheria za siku zile hazikuwepo. Lakini mimi hakunijibu.

Miaka saba ikapita. Macho ya Baba yaliisha kabisa, akarudi Maragoli, na mimi nikaishika sindano yake, barazani na bandani pia. Bwana Tena alikuwa amenyauka, anajiandaa kuondoka, na kitambaa cha zamani kilikuwa kinavuliwa ili ndege ivishwe upya kabla ya kuuzwa. Nilianza na lile bawa. Nilichana utepe kutoka kwenye ncha.

Mafundo yalikuwa yamelalia kushoto. Ubavu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Yote. Hakuna hata moja lililoguswa. Nilikaa chini kwenye sakafu ya mafuta, nikalia kama sijui kazi ya leso. Mtu aliyefumua foronya yangu alikuwa amepanda angani juu ya mshono wangu, kwa kujua, na niliyoyafunga vibaya kuliko yote yalikuwa bado yameshika.

Kisha nikaendelea na ubavu wa tano, wa Baba, alioushona mwenyewe siku moja kabla yangu. Mafundo matatu pale yalikuwa yamefungwa mara moja tu. Uzi ulikuwa umeteleza zamani, na kilichoshika kitambaa miaka yote ile ni utepe na vanishi. Hakuwa ameona. Siku ile kwenye nyasi nilikuwa nimeogopa mbavu nne zangu, na kumbe wa kuogopwa ulikuwa wa tano.

Nilikata vipande viwili, nikavipeleka nyumbani mwezi uliofuata. Baba alikuwa ameketi juani mlangoni. Nilimwekea kipande changu mikononi, naye akapapasa fundo moja baada ya jingine kwa kidole gumba.

"Kushoto," akasema. "Hizi ni mbavu zako. Sikuzigusa."

"Kwa nini hukuniambia, Baba? Nilikuuliza."

"Ungeacha kuogopa. Fundi asiyeogopa anavuta uzi ovyo." Akapapasa tena, taratibu. "Siku ile nilibaki nikizipima na vidole. Nilitafuta moja ya kufumua, nikakosa. Iliniuma sana, Kageha. Nikaona nikikwambia utajua nimekuwa mzee."

Nilimwambia nampenda. Kwetu hatusemi hivyo, lakini nilisema, naye akajifanya kusikiliza kuku.

Halafu akanyoosha mkono. "Na zangu? Hukuniletea zangu?"

Kile kipande cha pili kilikuwa mfukoni mwangu. Vidole vyangu vilikuwa tayari juu yake.

"Zako zilikaza sana, Baba," nikamwambia. "Nilishindwa kuzitoa."

Alicheka, meno yote nje, kama siku ile aliposhuka kwenye ndege. Nikatia mikono yangu makwapani, nikaibana, nikamwacha acheke.